Dakika 48 za Kijana: Namna ya Kulea Chipukizi kwenye BuzzerBeater

Ukifungua timu mpya kwenye BuzzerBeater utakabidhiwa kikosi cha watu wa kawaida, uwanja mdogo, fedha kiasi, na nafasi katika ligi iliyojaa mameneja wenye haraka kama wewe. Haitapita wiki ya pili kabla hujaanza kutamani kuuza nusu ya kikosi ununue wazee wa miaka 33 waliobakiza msimu mmoja au miwili ya nguvu. Subiri kwanza. Wazee hao huenda wakakupandisha daraja, kisha watakuachia mishahara mizito na kikosi kisichouzika. Wanaodumu kwenye mchezo huu ni wale waliojifunza mapema kulea vijana, na malezi hayo yana kanuni zake, nyingine zikiwa kinyume kabisa na tunavyouzoea mpira wa kikapu wa uwanjani.

Kwa asiyeujua, BuzzerBeater ni mchezo wa kuendesha klabu ya kikapu. Uko mtandaoni tangu 2007 na huchezwa bure. Hushiki mpira wala hubonyezi kitufe cha kurusha. Kazi yako ni kupanga kikosi, kuchagua mbinu, kupanga bei ya tiketi, kuamua nani wa kununua na stadi ipi ya kufundisha. Mechi yenyewe huchezwa na kompyuta, nawe unaifuatilia. Huduma ya kulipia ipo, lakini haikununulii ushindi. Tena kwa kuwa sehemu kubwa ni maandishi na majedwali, bando dogo linatosha, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu michezo mingi ya siku hizi.

Humu nitazitaja nafasi kwa namba, kama tunavyosema viwanjani: namba 1 ni yule anayeleta mpira, 2 ni mrushaji, 3 na 4 ni mafowadi, 5 ni senta.

Mazoezi hufanyika mara moja tu kwa wiki, siku ya Ijumaa. Wewe unachagua zoezi moja na nafasi itakayofundishwa. Tuseme umechagua pasi kwa namba 1. Ijumaa ikifika, mchezo hauangalii wewe unamwita nani namba 1 wako. Unaangalia nani alicheza nafasi hiyo katika mechi zote za wiki, na kwa dakika ngapi. Aliyefikisha dakika 48 anapata mazoezi kamili. Aliyecheza 24 anapata pungufu. Aliyecheza 96 anapata yale yale ya aliyecheza 48. Na aliyecheza namba 2 wiki nzima, hata awe bora namna gani, kwenye zoezi hilo hana chake.

Sasa piga hesabu. Wiki ya kawaida ina mechi tatu: mbili za ligi na moja ya kombe au ya kirafiki. Kila mechi ni dakika 48, kwa hiyo nafasi moja ina dakika 144 kwa wiki. Hizo ni za vijana watatu, hakuna wa nne. Ukifundisha nafasi mbili kwa pamoja, mathalani 1 na 2, wanaingia vijana sita, ila kila mmoja anapata kidogo kuliko ambacho angepata kwenye zoezi la nafasi moja. Ukifundisha nafasi tatu, au timu nzima, kasi inazidi kushuka. Ndiyo maana ukimwona meneja mwenye vijana 11 wa miaka 18 kwenye kikosi, usimwonee wivu. Wengi wao wanakula mshahara bure.

Nikikushauri wewe unayeanza, chukua vijana wawili wa zoezi la nafasi moja, na wa tatu awe wa kuokoteza dakika zinazobaki. Sababu utaiona kwenye wiki ya mfano. Kijana A unampanga namba 1 kwenye mechi ya kwanza ya ligi, na kwenye orodha ya mpangilio unamwandika yeye huyo huyo kuwa mwanzilishi, mbadala na wa akiba wa nafasi hiyo, ili kocha asipate mwingine wa kumwingiza. Kila kitu kinakwenda vizuri mpaka robo ya nne, anapofikisha faulo ya sita. Anatoka akiwa na dakika 41. Mechi ya pili ni ya kijana B, anamaliza zote 48. Mechi ya tatu ni ya kirafiki. Kama nafasi hiyo ulishamwahidi kijana C, huna pa kuzipata dakika saba za A bila kumpunja mwenzake. Kama C ni wa kuokoteza tu, unamwanzisha C, unamweka A kuwa mbadala, naye A anapata karibu robo moja ya mechi na kuvuka 48. Hapo hakuna aliyeumia isipokuwa C, ambaye tangu mwanzo hukumtegemea.

Jenga tabia ya kufungua jedwali la dakika kila baada ya mechi, si Ijumaa usiku mambo yakiwa yameshaharibika. Meneja anayesoma matokeo tu na kufunga simu hujikuta amepoteza wiki nzima ya mtoto wa miaka 18, na wiki ya umri huo hairudi. Kasi ya kujifunza hupungua kila mwaka unaoongezeka: wa miaka 18 hujifunza upesi kuliko wa 19, wa 19 kuliko wa 20, na kuendelea. Msimu mmoja una wiki 14, na msimu ukiisha kila mchezaji ameongeza mwaka mmoja. Kwa hiyo una Ijumaa 14 za umri wa miaka 18, basi.

Stadi za uwanjani ziko kumi. Za nje ni mtupo wa kuruka, masafa ya mtupo, ulinzi wa nje, umiliki wa mpira, kupenya na pasi. Za ndani ni mtupo wa chini ya kikapu, ulinzi wa ndani, ribaundi na kuzuia mitupo. Juu ya hizo kuna pumzi na mitupo ya adhabu, ambazo hufundishwa timu nzima kwa pamoja, na uzoefu, ambao haufundishwi na mtu. Huja kwa kucheza. Kila stadi hupimwa kwa ngazi, na ngazi ya 20 ni ya magwiji.

Hapa ndipo mameneja wapya wanapopotea. Wakimwona kijana mrefu wanamfundisha ribaundi. Wakimwona mfupi wanamfundisha pasi. Inaonekana ni akili ya kawaida, na kweli matokeo huja haraka, kwa kuwa urefu unahesabiwa: mrefu hujifunza upesi stadi za ndani na hujikongoja kwenye za nje, mfupi kinyume chake. Lakini ukifuata njia hiyo mpaka mwisho utapata senta mwenye ribaundi ya ajabu asiyeweza kutoa pasi wala kumfuata mtu nje ya eneo la ndani, na mshahara wa kufilisi klabu. Mshahara hukokotolewa kutokana na stadi za nafasi inayomfaa zaidi mchezaji. Stadi za ndani ndizo zinazopandisha mshahara wa senta, tena zikifika juu unapaa kwa kasi ya kutisha. Pasi, umiliki wa mpira na ulinzi wa nje haviongezi chochote cha maana kwenye mshahara wake, ilhali uwanjani vinafanya kazi kubwa: mipira haipotei ovyo, asisti zinatoka ndani kwenda nje, na mshambuliaji akija kwake hapiti kirahisi.

Samaki hukunjwa angali mbichi, sawa, lakini anza na upande ulio mgumu kukunjika. Stadi anazozipata kwa shida zifundishwe akiwa na miaka 18 na 19, wakati kasi yake iko juu. Zile anazozipata kwa urahisi zitamsubiri. Hata akiwa na miaka 22 bado zitapanda kwa mwendo unaoridhisha.

Tuchukue mtu kamili. Una kijana wa miaka 18 mwenye urefu wa sentimita 208. Mtupo wa kuruka 4, masafa 2, ulinzi wa nje 3, umiliki wa mpira 2, kupenya 4, pasi 2. Ndani ana mtupo 6, ulinzi 6, ribaundi 6, kuzuia mitupo 4. Macho yanakuvuta kwenye zile 6 tatu. Ziache. Anza na zoezi la mmoja kwa mmoja la mafowadi, linalofundishwa kwa namba 3 na 4. Lina faida mbili: linagusa umiliki wa mpira, kupenya na mtupo wa kuruka kwa wakati mmoja, na kwa kuwa ni la nafasi mbili, kijana wako anaweza kulichezea namba 4 bila timu kuaibika sana. Endelea nalo mpaka umiliki na kupenya vifike mahali pa heshima. Kisha mpeleke namba 1 kwa zoezi la pasi, halafu hapo hapo namba 1 umfundishe ulinzi wa nje. Hizi zitakuwa wiki ngumu, nami nitazirudia. Akikaribia miaka 21, mrudishe nyumbani: mtupo wa ndani, ulinzi wa ndani, ribaundi. Utashangaa zinavyopanda.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea mpangilio huu, ambayo mameneja wazoefu huizingatia sana. Stadi zenye undugu huvutana. Moja ikitangulia mbali kuliko ndugu zake, hupanda kwa uzito. Iliyobaki nyuma huvutwa na wenzake waliotangulia. Usimkimbize kijana kwenye stadi moja mpaka ngazi ya 12 huku nyingine zikiwa 3. Zipandishe kwa awamu, moja ikikaribia kuwa nzito unahamia ndugu yake, kisha unarudi.

Kwa kijana mfupi geuza maelezo yale yale. Namba 1 wa sentimita 185 aonje mazoezi ya ndani mapema, angalau mtupo wa ndani na ulinzi wa ndani, hata kama utaona aibu kumpanga senta.

Urefu wenyewe uchague kwa kiasi. Watanzania tunaelewa mvuto wa mtu mrefu. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akachukuliwa wa pili kwenye drafti ya NBA ya mwaka 2009, na kimo chake cha takriban sentimita 221 kilikuwa sehemu kubwa ya habari. Kwenye mchezo huu kijana wa kimo hicho ni mzigo kwa mfundishaji anayetaka mchezaji kamili. Pasi zake zitapanda kama konokono. Mrefu wa kati, wa 200 hadi 208, anafundishika pande zote, na ndiye ningemnunua mimi.

Tukija kwenye kununua, jambo la kwanza ambalo watu hutazama ni kipaji, yaani ukomo ambao mchezaji anaweza kufika. Kuna ngazi 12, ya chini kabisa ikiitwa mtangazaji, maana kijana huyo mwisho wake ni kushika maiki. Ukomo huu haupimi stadi moja moja. Unapima jumla ya stadi zake kwa uzito wao. Akiukaribia, mazoezi yanazorota mpaka unajiuliza kama kocha yuko kazini. Wanunuzi wenye fedha hugombania vipaji vya juu kabisa, na bei zao hazina uhusiano na mahitaji ya klabu ya daraja la nne. Kijana wa kipaji cha nyota, au cha juu ya hapo kidogo, atakutosha kwa misimu mingi, na hutamfikisha ukomoni upesi kama unavyodhani. Afadhali fedha zako ziende kwenye stadi alizonazo tayari. Wawili wenye kipaji sawa, mmoja akiwa ameanza na pasi 5 na mwenzake pasi 1, wametofautiana kwa wiki nyingi za kazi yako.

Stadi za mchezaji wa klabu nyingine huzioni mpaka awekwe sokoni, kwa hiyo tenga muda wa kupekua soko. Mauzo ni mnada. Dau likiingia dakika za mwisho muda unaongezwa, na hapo ndipo watu hupoteza akili na kulipa mara mbili. Panga kiwango chako kabla, ukipitwa funga ukurasa. Chipukizi wengine wanakuja kila msimu kwenye drafti, na mameneja waliochoka kungoja huwauza bila kusita.

Mwenye kusimamia mazoezi ni kocha, naye ana ngazi 1 hadi 7. Wa 1 ni kupoteza vijana wako. Wa 7 ni fahari ya wenye viwanja vilivyojaa. Ngazi ya 4 au 5 inamtosha anayeanza. Lakini kumbuka mshahara wa mtumishi hupanda kila wiki anayokaa nawe, kwa hiyo kuna siku itakulazimu umwache uajiri mwingine wa ngazi ile ile kwa mshahara mdogo. Wanaoona huruma hulipa bei ya huruma.

Sasa zile wiki ngumu. Ukimpanga mrefu wa 208 namba 1, atapoteza mipira na mpinzani mwepesi atamzunguka. Utafungwa mechi ambazo ungeshinda. Namna ya kupunguza maumivu ni kuisoma ratiba: mpinzani dhaifu wa ligi ni siku ya kijana, mpinzani anayewania nafasi nawe ni siku ya namba 1 wako halisi, na mechi ya kirafiki ni ya kijana siku zote. Ndiyo maana wengine hawasikitiki wakitolewa kwenye kombe mapema; wanapata mechi za kirafiki za kuchezea wanavyotaka. Kama uko hatarini kushuka daraja, hamia kwa muda kwenye zoezi la nafasi mbili linalowaruhusu vijana kucheza karibu na kwao. Lakini usiache kabisa. Nimeona mameneja wakisimamisha mazoezi ya maana kwa nusu msimu ili wanusurike, wakanusurika, na msimu uliofuata wakawa palepale na vijana waliozeeka mwaka mmoja bila faida.

Mzunguko huu wa dakika una baraka moja isiyozungumzwa sana. Fomu ya mchezaji hutegemea dakika zake za wiki, na anayecheza kati ya 50 na 70 hivi hubaki safi. Anayebebeshwa mechi zote kwa dakika zote huchoka, fomu hushuka, na stadi zake nzuri huonekana pungufu uwanjani. Timu yenye vijana wanaogawana dakika mara nyingi huwa na wakongwe waliopumzika vya kutosha wiki ya mwisho ya msimu.

Nchi zilizomo kwenye mchezo zina timu za taifa, ya wakubwa na ya wasiozidi miaka 21, zinazoongozwa na mameneja waliochaguliwa kwa kura. Ukiwa na kijana mwenye asili ya nchi fulani na anayeendelea vizuri, si ajabu meneja wa timu hiyo akakuandikia akuulize mpango wako wa mazoezi. Mjibu kwa adabu, msikilize, lakini jua analotaka yeye ni mchezaji aliyeiva kufikia miaka 21. Wewe unamtaka aliyekamilika akiwa na 24. Mipango hiyo miwili haifanani, na aliyemnunua kijana ni wewe.

Siku ya kuuza itakuja pia. Usimuuze kijana muda mfupi baada ya kumnunua, kwa kuwa ada ya mauzo hula sehemu kubwa zaidi ya bei kadiri alivyokaa kwako kwa muda mfupi. Muuze pale mambo mawili yanapokutana: amekaribia ukomo wa kipaji chake, na mshahara wake wa msimu ujao unaonyesha dalili za kukuzidi kimo. Mishahara hupangwa upya msimu mpya ukianza, kwa hiyo fanya hesabu hiyo kabla msimu haujaisha.

Misimu mitatu ya namna hii ni wiki 42, karibu miezi kumi ya maisha yako halisi. Kama hiyo ni mirefu mno kwako, nunua wachezaji wa miaka 26 waliokwisha kufundishwa na wengine, ucheze ligi yako kwa raha, mchezo unaruhusu. Kama uko tayari kungoja, basi tafuta vijana wawili wiki hii, mmoja mrefu wa kati na mmoja atakayempokea dakika, na mechi yako ya kirafiki ijayo mpange yule mrefu namba 1.